Mstari wa Magoti

Mzee Gordon Odera alifika uwanjani Jumamosi ile akiwa na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu, na nia moja tu: kumkamata refa.

Hakuwa mtu wa fujo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa reli, kazi yake kuandika saa ya kila treni iliyoingia na kila treni iliyotoka, na masomo ya jioni aliyoyafuata akiwa mtu mzima yalimfunza kutosema jambo asiloweza kulionyesha kwenye karatasi. Alipostaafu alihamia Kware kwa binti yake, kwenye magorofa yaliyosongamana hata jua linafika chini kwa saa moja tu kwa siku. Hapo ndipo alipowakuta wasichana kumi na wanne, gunia la glavu kuukuu na kitabu cha sheria za softiboli, vyote vikiwa vimeachwa na mwalimu aliyepata uhamisho. Akakisoma kile kitabu mara tatu, kamusi ikiwa pembeni. Mara ya tatu alipokifunga, alikuwa kocha.

Asiyeujua mchezo huu aelewe jambo moja, maana ndilo lililoleta taabu yote. Mrushaji anazungusha mkono na kuuachilia mpira kutoka chini. Mpigaji anangoja na gongo lake kando ya kibao cheupe cha pembe tano kilichowekwa ardhini. Mpira ukipita juu ya kile kibao, kati ya magoti na makwapa ya mpigaji, na yeye asiupige, hiyo ni straiki. Straiki tatu, ametoka. Mpira ukipita nje ya hapo, hiyo ni boli, na boli nne zinampa mpigaji haki ya kutembea hadi beisi ya kwanza bila jasho. Beisi ni tatu; anayezizunguka zote akarudi kwenye kibao, yaani nyumbani, ameipa timu yake pointi, na timu zote mbili zikishatolewa wapigaji watatu watatu, zamu moja imekwisha. Nafasi ile ya kati ya magoti na makwapa wasichana wa Kware waliiita dirisha. Lakini ni dirisha la hewa. Halina fremu, halina kioo, na linabadilika kwa kila mpigaji, kwa sababu magoti ya mrefu hayako pale yalipo magoti ya mfupi. Mtu pekee anayeliona ni refa, anayechuchumaa nyuma ya mdakaji anayeupokea mpira, na akishasema, imekuwa.

Refa wa siku hiyo aliitwa Mbinya Muasya. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti isiyolingana na mwili wake. Alikaa Kayole. Na timu iliyokuwa ikicheza na Kware siku hiyo ilikuwa ya Kayole.

Isitoshe, hii ilikuwa mechi yake ya tatu ya majaribio. Chama cha mchezo kilikuwa na fomu, na mwisho wa mechi makocha wote wawili walitakiwa kutia sahihi kwamba refa ametenda haki. Wakitia wote, Mbinya angepata beji na kwenda kuchezesha mashindano ya kitaifa ya wasichana mwezi wa nane. Mmoja akikataa, angekaa nje mwaka mzima kisha aanze upya.

Wazazi wa Kware walikuwa wamekwisha kata shauri. Mwaka uliotangulia, refa mwingine wa Kayole aliwafungulia wenzake dirisha pana kama lango la shamba, na Kware wakarudi nyumbani na vilio. Kwa hiyo Alhamisi jioni walikutana kwenye ngazi za jengo, wakiongozwa na Kimanzi, dereva wa lori la maji, ambaye binti yake Nthoki ndiye mrushaji wa timu. Walimwambia Mzee Odera asitie sahihi. Mzee akajibu kwamba hawezi kumnyima mtoto wa watu beji kwa sababu ya anwani yake. Angeandika kila mpira. Ushahidi ukipatikana, angekataa kwa roho safi. Kimanzi alicheka, akasema ushahidi utapatikana kabla mzee hajafungua kalamu.

Na kweli, mwanzo ulikuwa mbaya.

Nthoki alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kuliko wasichana wote wa timu, na mkono wake ulikuwa fahari ya mtaa. Nyuma ya duka la Ndete kulikuwa na ukuta, na kwenye ukuta huo, mwezi wa kwanza, Mzee Odera alikuwa amechora dirisha kwa rangi nyeupe, akipima kwa futi kutoka ardhini, magoti na makwapa ya msichana wa kimo cha wastani. Kila jioni Nthoki alirusha mipira hamsini kwenye dirisha lile. Kati ya kila kumi, tisa iliingia, na ilipendelea kugonga ule ukingo wa chini, mahali ambapo mpigaji huona taabu kuupata mpira. Mzee hakuchoka kuitazama.

Sasa Nthoki akarusha ule ule mpira wake, wa chini, wa kasi, na Mbinya akatulia kidogo kisha akasema boli. Akarusha mwingine. Boli. Wa tatu, boli. Wa nne, boli. Mpigaji wa Kayole akaachia gongo, akatembea hadi beisi ya kwanza akijipepea kwa mkono. Wa pili naye akatembea. Wa tatu naye. Kabla ya zamu ya kwanza kwisha, Kayole walikuwa na pointi tatu na hawajaugusa mpira zaidi ya mara moja.

Matheka, kocha wa Kayole, alikuwa na mdomo usiolala. "Mzee," alipaza sauti kutoka benchi lake, "huko Kware mnafundisha softiboli ama bano, ule mchezo wa gololi? Naona mpira unabiringizwa tu chini."

Kimanzi alikuwa amesimama kwenye waya, vidole vimeshika matundu. "Refa, unataka mtoto arushe ya kichwa ndiyo ufurahi? Ama unangoja warushe wa kwenu ndiyo uite straiki?"

Mbinya hakugeuka. Alivuta barakoa yake ya waya, akachuchumaa tena.

Mzee Odera alikuwa kwenye benchi, ubavuni mwa kibao. Mtu aliyekaa ubavuni hawezi kujua kama mpira umekwenda kushoto au kulia, lakini kimo anakiona vizuri, pengine kuliko wote. Na ugomvi wote ulikuwa wa kimo. Kwa hiyo kwenye kila ukurasa alikuwa amepiga mstari mmoja wa rula, akauita mstari wa magoti. Kila mpira ambao mpigaji hakuupiga, aliutilia nukta: juu ya mstari kama umepita juu ya magoti ya yule mpigaji, chini yake kama umepita chini. Refa akisema straiki, nukta ya bluu. Akisema boli, nukta nyekundu. Ndivyo alivyoandika treni, na ndivyo alivyoandika mipira. Mwisho wa zamu ya kwanza, nukta za Nthoki zilikuwa nyekundu karibu zote, zimejipanga chini ya mstari kama siafu. Mzee aliitikia kwa kichwa. Mipira ilikuwa chini kweli. Alichongoja sasa ni kumwona refa akiwapa Kayole mpira wa namna hiyo hiyo. Nukta moja ya bluu chini ya mstari, basi, na kazi ingekuwa imekwisha.

Mrushaji wa Kayole aliitwa Jacky, msichana mnene, mtulivu. Mpira wake wa kwanza wa chini, Mbinya alisema boli. Wa pili wa chini, boli. Mzee akaweka nyekundu mbili chini ya mstari, akasubiri. Zamu ya pili Jacky akarusha mmoja uliokaribia sana, nusu ya mpira chini ya goti. Wasichana wa Kayole wakaanza kushangilia kabla ya wakati. Boli. Matheka akatupa kofia chini.

Mzee aliweka nyekundu, taratibu kidogo kuliko kawaida yake.

Zamu ya tatu upepo uliinuka kutoka upande wa machimbo ukaleta vumbi lote la Embakasi uwanjani. Mpira mmoja uligusa gongo ukaruka nyuma, ukampiga Mbinya kwenye mfupa wa bega. Uwanja mzima uliusikia. Alisimama, akapumua mara mbili, akamzunguka mdakaji, akainama kwa adabu akiwa amewapa wachezaji mgongo ili asiwape watazamaji, akakifuta kile kibao kwa brashi ndogo mpaka kikawa cheupe. Kisha akarudi mahali pake akasema, "Cheza." Mpira uliofuata ulikuja na vumbi, na jicho la Mzee mwenyewe lilikuwa na machozi, na akajiambia kwamba hapa ndipo mtoto huyu atakapokosea. Mpira huo ulipita upana wa kidole juu ya goti. Straiki. Uliofuata ulipita chini kwa kiasi hicho hicho. Boli.

Baada ya zamu nne, Kayole walikuwa na pointi nane na Kware mbili. Wachezaji walipokuwa wakinywa maji, Mzee aliweka kurasa zake nne kando kwa kando magotini na kuzitazama.

Alihesabu nukta mia moja na kumi na mbili. Juu ya mstari, bluu. Chini ya mstari, nyekundu. Zile nyekundu chache za juu zilikuwa za mipira iliyopita makwapa au kumkwepa mpigaji kabisa, na kila mtu uwanjani aliiona. Chini ya mstari hakukuwa na bluu hata moja. Si ya Kayole, si ya Kware. Wapigaji kumi na wanane walikuwa wamepita pale, warefu na wafupi, wa kuinama na wa kusimama wima, na kila mmoja alikuja na magoti yake. Lile dirisha la hewa lilikuwa limepanda na kushuka nao, likapungua, likarefuka, na ukingo wake wa chini haukuyumba.

Mara moja tu maishani Mzee alikuwa ameona kitu kama hicho. Zamani alikuwapo dereva wa treni ya asubuhi aliyesimamisha behewa la kwanza mahali pamoja kila siku, hata abiria wakajua mlango wao utafunguka juu ya ufa gani wa sementi, wakawa wanajipanga hapo kabla treni haijaonekana. Watu walikuwa wakija kumtazama tu. Lakini yule alikuwa na reli, na breki, na ufa wa kulengea. Mtoto huyu hakuwa na chochote. Alikuwa na macho, bega linalouma, na watu mia mbili wanaomtusi kwa lugha tatu.

Mzee hakujua kama anaruhusiwa kufurahi.

Halafu swali likamjia, na lilikuja kama mtu anayebisha hodi. Kama refa yuko sawa, Nthoki ana nini? Nukta za Nthoki hazikutawanyika. Mtu aliyepotewa na shabaha hutupa huku na kule. Zake zilikuwa zimesongamana mahali pamoja, zote chini ya mstari kwa kadiri ya shubiri moja. Mtoto naye alikuwa sawasawa. Alikuwa akipiga ukingo wa chini wa dirisha, kama alivyofundishwa. Ila dirisha lenyewe lilikuwa chini.

Akakumbuka duka la Ndete. Zamani lilikuwa na ngazi tatu. Wiki iliyopita tu alikuwa amepanda hapo kununua mkate, goti lake bovu likashukuru kwamba ngazi ni mbili. Hakujiuliza ya tatu imekwenda wapi. Mwezi wa nne, mafuriko yalipoingia vyumba vya chini, mwenye nyumba alimwaga malori mawili ya kokoto na muramu, ule udongo mwekundu wa barabara, kwenye uchochoro mzima, mbele na nyuma ya duka, ili maji yapite kando. Wakashindilia, wakatembea juu yake, wakasahau. Uchochoro ulipanda shubiri nzima. Rangi ya ukutani ilibaki pale pale. Kwa miezi miwili mtoto alikuwa amesimama juu ya ardhi mpya akilenga magoti ya ardhi ya zamani, mipira hamsini kila jioni, na yeye, karani wa vipimo, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsifu.

Alimwita Nthoki kando. Akamwambia apandishe kila mpira kwa shubiri moja.

"Lakini Babu," Nthoki akasema, "si ndiyo dirisha lako? Ulipima."

"Nilipima kabla ya muramu. Ardhi ikapanda, mimi sikuangalia."

Msichana alimtazama, akaelewa, akatazama upande wa Mbinya aliyekuwa amekaa peke yake mbali na mabenchi, akinywa maji huku bega moja limeshuka. "Kwa hivyo huyo dada yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Na baba anamtusi tangu asubuhi."

Mzee alipaswa kwenda kwenye waya saa ile ile akamweleze Kimanzi. Alijiambia kwamba mechi inaanza. Alijiambia kwamba atasema baadaye. Ukweli ni kwamba aliona haya, na mtu mwenye haya hupata shughuli nyingi ghafla.

Mipira miwili ya kwanza ya Nthoki ilipaa mno. Wa tatu ulirudi chini kwa mazoea. Wa nne uliingia, kimo cha goti na nusu kidole. "Straiki," akasema Mbinya, kwa sauti ile ile aliyosemea boli tangu asubuhi. Tangu hapo Kayole hawakutembea tena. Zamu ya tano hawakupata kitu, ya sita hawakupata kitu. Wasichana wa Kware wakaanza kupiga, wakakimbia, wakateleza kwa magoti kwenye changarawe, wakafikisha pointi sita.

Kimanzi alikuwa amefurahi. Alikuja nyuma ya benchi, akainama juu ya bega la Mzee. "Umeona? Kelele zetu zimemnyoosha. Ameogopa, sasa anaita vizuri."

Mzee aliinua kalamu kana kwamba kuna nukta ya kuweka. Hakukuwa na nukta.

Zamu ya saba, ya mwisho, Kware walikuwa wanapiga, nane kwa sita. Wawili walikuwa wametoka. Beisi zote tatu zilikuwa na watu. Aliyekuwa na gongo ni Nthoki mwenyewe, na hesabu ilikuwa boli tatu, straiki mbili. Mpira mmoja ndio ungeamua. Jacky alifuta kiganja kwenye suruali, akarusha.

Mzee aliufuata mpira ule kwa jicho mpaka mwisho. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na ua wa mbao, na mpira ulipita mbele ya ubao wa pili kutoka chini, ukateremka kidogo, ukaingia kwenye glavu. Nthoki hakupiga. Goti lake lilikuwa juu ya ule mpira kwa upana wa vidole viwili.

"Boli."

Nthoki akatembea. Msichana wa beisi ya tatu akasogezwa mbele, akaingia nyumbani. Nane kwa saba. Upande wa Kayole ukalipuka. Mama mmoja alipiga kelele akimwuliza Mbinya yeye ni wa kwao ama ni wa nani. Mwanamume mwingine akamwuliza jioni atashukia stage gani ya matatu. Matheka alitembea hadi mstari wa chokaa, akasimama hapo na mikono kiunoni bila kusema neno, na kwa Matheka hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote. Mbinya alingoja watulie. Hawakutulia. Akafuta kibao, akachuchumaa.

Akaja Shirleen, mfupi kuliko wasichana wote wa Kware, ambaye wenzake humwita Kibiriti. Alipiga mmoja akakosa. Wa pili akakosa tena, na kukosa nako ni straiki. Jacky alivuta pumzi, akarusha wa tatu, na Mzee aliona, kwa macho yake mawili, mpira ukipita mbele ya ubao ule ule, wa pili kutoka chini, ukiteremka vile vile, ukiingia glavu ile ile. Shirleen aliuacha. Mwenzake amepewa boli kwa mpira huo sekunde chache zilizopita, kwa nini aupige?

"Straiki. Tatu."

Mechi ilikuwa imekwisha.

Sasa pande zote mbili zilikuwa zinapiga kelele. Kware walilia kwamba mpira mmoja hauwezi kuwa boli kisha straiki. Kayole, waliokuwa wameshinda, walikuwa bado wanalilia boli ya Nthoki. Katikati ya kelele ile Mzee Odera alikuwa amesimama, daftari mkononi. Aliweka nukta mbili za mwisho. Moja nyekundu, chini ya mstari. Moja bluu, juu ya mstari. Mipira ilikuwa ya kimo kimoja, lakini watoto walikuwa wawili, na magoti ya Shirleen yalikuwa shubiri nzima chini ya magoti ya Nthoki. Msichana yule aliyevimba bega alikuwa ameona hivyo, mara ya kwanza na ya pili, watu wakimwuliza atashukia wapi jioni. Uwanja mzima haukuona ila yeye. Na sasa Mzee, kwa sababu ya mstari wa rula.

Bi Awiti, katibu wa chama, alikuwa ameweka fomu mezani chini ya mwavuli. Matheka alitia sahihi akinung'unika kwamba ameshinda na hataki maneno. Fomu ikasukumwa upande wa Mzee. Wazazi wa Kware walikuwa wamejaa nyuma yake, na wasichana nyuma ya wazazi. Kimanzi aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Tulikubaliana, Mzee."

"Tulikubaliana niandike," Mzee akasema. "Nimeandika."

Akafungua daftari. Aliwaonyesha ukurasa baada ya ukurasa, akawaeleza mstari ni nini, bluu ni nini, nyekundu ni nini. Akasema yeyote atakayepata nukta ya bluu chini ya mstari aiguse kwa kidole. Walitafuta. Kimanzi alitafuta kuliko wote, akiwa ameinama, midomo ikicheza kama mtu anayesoma barua ya benki. Hakupata. Akauliza, kwa sauti ya chini, basi ni kwa nini mtoto wake alitembeza watu tisa.

Zamani Mzee alimweza karani mwenzake kwa hoja, alimweza bwana stesheni, lakini maneno haya yalimtoka kwa shida. "Kwa sababu ya ukuta wangu. Uchochoro uliinuliwa na muramu, nami sikupima tena. Nthoki alirusha nilipomwonyesha. Nimejua tangu zamu ya nne na nimekuacha uendelee kumtusi mtoto wa mwenzako, kwa sababu niliona aibu."

Mtu mmoja nyuma alisema kwamba basi mzee ndiye aliyewapoteza, na hakuna aliyembishia.

"Unayasema haya mbele ya watoto?" Kimanzi akauliza.

"Mbele yao hasa."

Kimanzi aliutazama mkono wake kana kwamba umeachwa pale na mtu mwingine, akauondoa. Mzee akaandika jina lake kamili, Gordon Odera, kwa mwandiko ule wa kuinama kidogo aliofundishwa na taa ya darasa la jioni, na chini yake tarehe.

Mbinya alikuja kuchukua nakala yake. Kwa karibu alionekana mdogo zaidi, na alinuka dawa ya kuchua. Alishukuru kwa heshima, fomu akaikunja mara mbili. Mzee hakuweza kumwacha aondoke hivyo. Akampa daftari, akamwambia kwamba katika mechi nzima hakupata kosa hata moja, na alikuwa amekuja kulitafuta.

Msichana alifungua kurasa polepole. Alipofika zamu ya tatu alisimamisha kidole.

"Huu nilikosea, Kocha."

Mzee aliinama. Ilikuwa nukta ya bluu, juu ya mstari, safi kabisa.

"Kimo kilikuwa sawa," Mbinya akasema. "Ulikuwa nje ya kibao. Nusu mpira hivi, upande wa mbali. Wewe ulikuwa ubavuni, usingeona. Ni ule wa kwanza baada ya vumbi. Niliita haraka."

"Ulimwumiza nani? Wetu au wao?"

Alifikiri, na Mzee aliona kwamba anafikiri kweli. Kisha akatikisa kichwa. "Sijui. Nakumbuka mpira. Nakumbuka viatu vilikuwa na kamba ya kijani."

Mzee alishika kalamu nyekundu, akamwuliza kama airekebishe. Mbinya akakataa. Alisema alishaita straiki, na iliyoitwa ndiyo iliyochezwa, hivyo aiache kama ilivyo. Akamrudishia daftari kwa mikono miwili, akaenda, maana wasichana wa chini ya miaka kumi na tatu walikuwa wamekwisha jipanga kwa mechi iliyofuata.

Basi la Kware lilikuwa likiita abiria wake kwa honi. Wazazi wengi walipanda bila kumsemesha Mzee, naye aliona ni haki yao. Yeye hakupanda. Alisimama kwenye waya, mahali ambapo Kimanzi alikuwa ameshinda asubuhi nzima, akatazama timu mbili asizozijua. Mpigaji wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kofia ya plastiki imemfunika mpaka nyusi, gongo likimzidi nguvu. Nyuma yake Mbinya alichuchumaa, akaona haitoshi. Akapiga goti. Haikutosha bado. Akainamisha bega lile linalouma, mpaka kidevu chake kikakaribia mgongo wa mdakaji.

Mtu alikuja akasimama kando ya Mzee. Alikuwa Kimanzi, funguo za lori mkononi. Alitazama mipira mitatu.

"Sasa huko chini anatafuta nini?" akauliza hatimaye.

"Magoti," Mzee akasema. "Anayatafuta magoti ya huyo mtoto."

Kimanzi akashika waya, akainama yeye pia ili aone.